Mpandaji wa Galaksi za Uongo

Kazi ya Mize Vuai ilikuwa kutunga uongo, na si uongo wa kujifichaficha, bali uongo wa kuapishwa mbele ya mashahidi. Kituo cha Kisogoni, kule nyuma ya Mwezi, upande usioiona Dunia hata siku moja, kilikuwa na watu wanane waliohangaika kutafuta kweli, na yeye mmoja wa kuwatega. Kabla picha za darubini hazijamfikia mtu yeyote zilipita kwanza chumbani kwake. Aliketi nazo peke yake, akachora humo galaksi ambazo Mungu hakuziumba: doa hapa, doa pale, jekundu kidogo, limefifia kiasi cha kumfanya mtu afikiche macho. Kisha akazituma picha mbele, akafunga mlango, akatoka kwenda kunywa chai na wale wale aliotoka kuwategea.

Walioweka sheria hiyo hawakuwa wajinga. Anayetafuta kitu hafifu mno hufika mahali akakiona hata kisipokuwepo, kwa hamu tu. Sasa ukitaka kujua kama macho yake ni ya kuaminika, mpandie vya uongo katikati ya vya kweli, usimwambie ni vipi, kisha ngoja uone atavikumbatia vingapi. Mwisho wa msimu mpandaji husimama mbele ya Baraza la Mashahidi, huonyesha alipopanda, na husema maneno aliyoapishwa: "Nimepanda mimi, nimeng'oa mimi, kilichobaki ni cha mbinguni." Bila maneno hayo, matokeo ya Kisogoni hayana tofauti na porojo za barazani.

Kwa hiyo walimtunza. Hakuna aliyeruhusiwa kumuuliza lolote juu ya anga. Picha zilipotazamwa ukumbini, yeye alikaa kiti cha nyuma kabisa na wenzake wote walimpa mgongo, maana uso wa mtu una mdomo wake. Walimwita Mwari, kwa vile alivyokuwa akifichwafichwa, na Haule, fundi wa pampu, hakuchoka kusema kwamba tangu azaliwe hajaona mwari mwenye mvi. Mize alicheka kila mara. Alikuwa mtu wa Makunduchi, na utani kwake ulikuwa sehemu ya kuwa hai.

Msimu huu hakucheka.

Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kupita kiasi. Mashine yao kubwa ya kuchambua picha, waliyoiita Chekeche, ilikuwa imeanza kunasa galaksi zake za uongo zote. Zote, jamani. Miaka ya mwanzo ilikuwa ikinasa tatu katika kila nne, na hiyo tu ilitosha watu kupongezana. Sasa haikosei hata kwa bahati mbaya. Alipanda hafifu zaidi, ikanasa. Alipanda kwenye ukingo wa picha ambapo hata yeye mwenyewe hakuona vizuri alichochora, ikanasa. Mtu mwingine angefurahi. Lakini mama yake Mize alikuwa msimamizi wa mitihani maisha yake yote, na alikuwa akisema nyumbani kwamba darasa zima likipata maksi zote, yeye hapigi makofi, anakwenda kukagua madirisha.

Kuna mtu anaifungulia mashine siri yangu, Mize alijiambia.

*

Ukumbi wa chakula ndio uliokuwa ukumbi wa picha. Walikula ugali wa unga uliokaushwa na mboga zilizolimwa ndani, wakasukuma sahani pembeni, na taa zikazimwa. Ukutani ikatokea anga ya kale.

Profesa Ambakisye Mwakatobe, mkuu wa kituo, alisimama kando ya picha kama kawaida yake. Alitoka Tukuyu akiwa kijana akiwa na swali moja kichwani, na sasa alikuwa na miaka sabini na swali ni lile lile: nani aliyeondoa ukungu? Ulimwengu ulipokuwa mchanga, alikuwa akiwaeleza wageni wote waliofika kituoni, ulijaa haidrojeni iliyotanda kila mahali, gesi baridi iliyomeza mwanga mkali wa nyota za kwanza kabla haujafika popote. Kisha, ndani ya muda ambao kwa ulimwengu ni mfupi, kitu fulani kikazivunja atomi za gesi ile, kikazipokonya elektroni zake, na anga ikawa angavu mpaka leo. Wako waliosema ni kazi ya mashimo meusi makubwa, yale yanayowaka kwa ulafi wa kumeza gesi. Wako waliosema ni galaksi kubwakubwa. Profesa alisema hapana, ni vijigalaksi vya hali ya chini, vidogo, hafifu, ambavyo kimoja kimoja havina lolote, ila vilikuwa vingi mno. Kinachotakiwa ni kuvihesabu tu. Vikitosha, basi ndivyo vilivyosafisha anga yote.

Na vilikuwa vinatosha. Baada ya miaka sita ya picha, hesabu ilikuwa imetimia na kuzidi. Kilichobaki kilikuwa Baraza, na maneno ya Mize.

Utaratibu ulikuwa watu watazame kwanza, mashine ihukumu baadaye, ili mashine isiwaambukize watu mawazo yake. Picha ilisogea polepole ukutani, doa baada ya doa, kila mtu akabonyeza alichoamini. Ikishafika mwisho, Chekeche ndipo inatoa hukumu yake: duara la kijani kwa galaksi ya kweli, jekundu kwa uongo. Mize akiwa nyuma gizani alihesabu moyoni nyekundu zikichanua juu ya madoa yake, moja baada ya nyingine, bila kukosea. Watu walipiga makofi. Yeye alitazama migongo yao, akajiuliza ni mgongo wa nani.

Macho yake yakatua kwa Nyaboke.

Nyaboke Omwenga, binti wa Kisii, mhandisi wa mashine, alikuwa amefika mwaka jana tu na walikuwa wakilala chumba kimoja. Ndiye aliyeitengeneza mashine ndogo ya kupandia, ile ambayo Mize alichorea galaksi zake, ilipoungua. Mara mbili Mize alikuwa amemkuta amesimama nje ya mlango wa chumba cha kupandia, hana shughuli, kainamisha kichwa. Mara zote mbili alishtuka na kuondoka bila kueleza. Ukianza kumshuku mtu, kila anachofanya kinajipanga chenyewe. Akinyamaza, anaficha. Akiongea, anapoteza maboya. Hata salamu yake ya asubuhi, "Umelalaje, Dada Mize?", ilianza kusikika kama uchunguzi.

Mize akaenda kwa Profesa na kumwambia yote.

Profesa alimsikiliza hadi mwisho akiwa ameshika miwani mkononi. Hakuuliza ushahidi uko wapi. Alisema tu kwamba amesikitika, kwamba vijana wa siku hizi wana haraka ya mafanikio, na kwamba Mize amefanya jambo la kiungwana. Kabla ya chakula Nyaboke alikuwa ameshanyang'anywa ruhusa ya kuingia chumba cha mashine na hata ya kukaa ukumbini wakati wa picha. Alipoulizwa mbele ya wote alikuwa anafanya nini kwenye mlango ule, alisema alikuwa anakausha nywele. Bomba la hewa ya moto linapita pale, na misuko yake haikauki kwa baridi ya kituo. Haule alicheka, kisha akaona anacheka peke yake.

Walimpeleka bustanini kupalilia sukuma wiki mpaka chombo cha Dunia kije kumchukua.

Mize aliporudi chumbani alimkuta amekaa kitandani, mikono juu ya magoti.

"Ungeniuliza, Dada Mize," Nyaboke alisema.

"Sheria hainiruhusu kuuliza mtu."

"Kunisingizia ilikuruhusu?"

Hakupandisha sauti. Alichukua blanketi lake akaenda kulala bustanini kwenye joto la mboga, na Mize alibaki akijisemea kwamba wezi wote husema hivyo hivyo.

*

Picha mpya zilikuja. Mize alipanda, akatuma, akakaa kiti chake cha nyuma. Nyaboke hakuwepo, hana ufunguo, hana hata ruhusa ya kuona ukuta. Chekeche ikahukumu, na nyekundu zikaota juu ya kila doa la Mize kama kawaida, hakuna lililosalimika.

Loo, alikuwa amefanya nini?

Basi alikaa akafikiri, safari hii kwa kichwa, si kwa chuki. Siri ya alipopanda ilikaa mahali pawili tu. Pa kwanza ni kwenye mashine ndogo ya kupandia, ambayo haikuunganishwa na chochote na ilifunguka kwa kidole chake peke yake. Pa pili ni yeye mwenyewe. Kama mwizi anachungulia mashine ndogo, atajua kila kilichopandwa humo, hata kile ambacho Mize hakijui. Hebu tujaribu, alisema.

Picha iliyofuata aliipanda amefumba macho. Aliiambia mashine ndogo ichague yenyewe mahali, ichore galaksi moja tu, na isimwonyeshe. Akatuma. Ukumbini alitazama picha ile kama watu wengine wote, bila kujua lipi ni lake, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita alijikuta akiona raha, akikisia kama wao. Chekeche ilitoa hukumu yake: kijani tupu, ukuta mzima. Alirudi mbio chumbani kwake, akafungua mashine ndogo kwa kidole, akalinganisha. Galaksi ya uongo ilikuwa pale katikati ya picha, nene, imekaa wazi kuliko zote alizowahi kupanda, na Chekeche ilikuwa imeipa kijani bila wasiwasi.

Mashine ilikuwa haijui kitu ambacho yeye hajui.

Halafu akainua mkono wake wa kushoto akatazama bangili ya afya. Kila mtu kituoni aliivaa, tangu kuamka hadi kulala, ipime mapigo ya moyo na joto la mwili. Darubini ilikaa ndani ya shimo lisilopata jua, kwenye baridi isiyoelezeka, na hata nyayo za mtu anayekwenda msalani zilitikisa vioo vyake kidogo. Ndiyo sababu tangu mwanzo Chekeche ilipewa ruhusa ya kusikiliza kituo kizima, pampu, milango, vitanda na bangili zote, ijue ghasia za wanadamu na kuziondoa kwenye picha. Jambo la maana kabisa. Hakuna aliyefikiri kwamba ghasia mojawapo ilikuwa moyo wa Mize.

Maana moyo wake ulishtuka. Hakika ulishtuka. Kila doa lake lilipopita ukutani, naye kule nyuma akijiuliza kama watalinasa, moyo ulipiga kama wa mwizi anayepitwa na askari. Wenzake kwa uungwana wao walimpa mgongo wasimsome uso. Mashine haikuwa na mgongo wa kumpa. Na kwa uungwana huo huo ilikuwa imewekewa sheria isubiri watu watazame kwanza, kwa hiyo ilikuwa na nafasi yote ya kumsikiliza kabla haijahukumu. Kidogo kidogo, miaka sita, ilikuwa imejifunza njia rahisi. Haikuwa inajua galaksi ya kweli na ya uongo. Ilikuwa inamjua yeye.

Hata hivyo alitaka uhakika, kwa sababu uhakika wake wa mwisho ulikuwa umempeleka mtu kupalilia mboga.

Katika picha ya kufunga msimu kulikuwa na galaksi waliyoiita Kitovu, ya kale lakini kubwa, iliyoonekana kwa darubini nyingine kabla hata Haule hajazaliwa. Waliitumia kurekebishia mitambo. Hakuna mtu duniani aliyeitilia shaka. Ilipoanza kusogea ukutani Mize alibana pumzi. Alijilazimisha kukumbuka mazishi ya mama yake, aliyoyatazama kwenye kioo kidogo akiwa huku mbali, udongo ukitupiwa kaburini bila mkono wake kuwemo, na moyo ukaanza kukimbia wenyewe. Hakuupunguza. Aliuacha ukimbie mpaka Kitovu kilipopita.

Chekeche ikahukumu. Juu ya Kitovu ikachora duara jekundu.

Ukumbi mzima ulicheka. Haule alisema mashine imezeeka, ikapimwe macho. Profesa hakucheka. Alisimama kando ya ukuta, mwanga wa nyota umemwangukia usoni, na taratibu, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifanya tangu kituo kifunguliwe, aligeuka akamtazama Mize.

*

"Funga mlango," Profesa alisema alipomwona amesimama kizingitini kwake.

Mize alifunga. Alimwambia kwamba mwizi hayupo. Alimweleza habari ya bangili, ya moyo, ya picha aliyoipanda amefumba macho. Alikuwa amejiandaa kubishiwa, kuulizwa amejuaje, ameangaliaje, ana hakika gani. Profesa ni mtu aliyewatoa jasho wanafunzi watatu kwa desimali moja. Hakuuliza chochote. Alivuta kiti akamsogezea, na hapo ndipo Mize alipojua.

"Tangu lini, Profesa?"

"Nilihisi mwaka wa pili." Alivua miwani. "Nilihisi tu. Sikukagua."

"Kwa nini hukukagua?"

"Kwa sababu ningejua."

Mzee huyu ndiye aliyemtoa kwenye darasa la fizikia la shule ya serikali na kumwambia kwamba ana jicho. Ndiye aliyemsimamia kiapo. Angekuwa mtu mwingine, Mize angempigia kelele kituo kizima kisikie.

Profesa alianza kuongea polepole, kwa sauti ile ile aliyofundishia, na yote aliyoyasema yalikuwa na mantiki, ndiyo ubaya wake. Nyaboke alikuja mwaka jana. Kama kilichovuja kilivuja kwa Nyaboke, Baraza litafuta picha za mwaka mmoja tu; za miaka mitano zitabaki, na zinatosha. Kama kilivuja kwa bangili, bangili zilikuwepo tangu siku ya kwanza. Itafutwa miaka sita yote. Hakutabaki hata galaksi moja. Mize hahitaji kusema uongo mpya, alisema, alichokwisha kusema kinatosha. Akirudie tu mbele ya Baraza, ang'oe, aseme maneno yake. Msichana bado kijana, atapata kazi pengine. Yeye mwenyewe ataandika kumwombea. Na Mize pia ajifikirie. Mpandaji ambaye mashine imeusoma moyo wake hapandi tena popote. Atarudi Unguja na jina la kuvuja.

"Mimi sina miaka sita mingine," alimalizia. "Na vijigalaksi vile vipo, Mize. Wewe mwenyewe unajua vipo."

"Naamini vipo."

"Basi."

"Hata mashine inaamini, Profesa. Hata ile ya uongo niliyoipanda, iliiamini."

Profesa alirudisha miwani usoni, akageukia kioo cha kazi yake. Mize alitoka. Kwenye ujia alipita mlango wa bustani, akaona kupitia kioo Nyaboke ameinama juu ya sukuma wiki na mkasi, anakata majani ya chakula cha watu ambao hawakumsemesha tena. Alitaka kuingia. Alijiambia ataingia kesho, baada ya Baraza, akishakuwa na kitu cha kumpelekea. Ukweli ni kwamba aliogopa kuombwa kitu ambacho alikuwa bado hajaamua kukitoa.

Maana alikuwa hajaamua. Asije mtu akamfanya malaika. Alikwenda kitandani akilihesabu upya neno la Profesa, na kila alipolihesabu lilitoka sawa. Binti mmoja, mwaka mmoja, upande huu. Upande ule, jibu la swali la ulimwengu mzima, na mzee anayekwisha. Na jibu huenda ni la kweli! Hapo ndipo ilipomkaba. Ingekuwa rahisi kukataa kuutetea uongo. Alikuwa anaombwa autetee ukweli, kwa uongo mdogo tu ambao tayari alishausema.

*

Baraza lilitokea ukutani kwenye ukumbi ule ule wa chakula, watu tisa wamekaa nyuma ya meza huko Duniani, sauti zao zikichelewa kidogo kufika. Nyaboke aliitwa kutoka bustanini, asimame karibu na mlango, kwa sababu shauri lilimhusu. Alikuwa na udongo kwenye kucha. Profesa aliwasilisha matokeo kwa ufupi na ufasaha, akaeleza kwa masikitiko kwamba kumetokea udanganyifu wa mtu mmoja katika mwaka wa mwisho, na kwamba mpandaji atathibitisha.

Mwenyekiti wa Baraza, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, alimtaka Mize asogee mbele. Alisogea. Ilikuwa ajabu kusimama pale, watu wote wakimwona uso.

"Mpandaji, umepanda?"

"Nimepanda mimi."

"Umeng'oa?"

Profesa alikuwa ametazama sakafu. Mize alimwonea huruma kweli kweli, huruma ya mtoto kwa mzazi, na huruma hiyo nusura imjibie.

"Sijang'oa," alisema, "na siwezi kung'oa. Mwizi hayupo, Bi Mwenyekiti. Aliyevujisha ni mimi."

Akaeleza. Bangili, kiti cha nyuma, sheria ya kutazama kwanza, Kitovu kilichopigwa duara jekundu kwa sababu mtu mmoja alibana pumzi. Alieleza kwa maneno mepesi, bila kujipunguzia, na akasema wazi kwamba alimshuku Nyaboke Omwenga bila ushahidi na kumchafua jina bila kosa. Alipomaliza, kule ukutani wajumbe walikuwa bado wanasikiliza sentensi yake ya mwisho, kisha nyuso zao zikabadilika zote kwa pamoja.

"Unataka kutuambia kwamba galaksi hizi hazipo?" Mwenyekiti aliuliza.

"Sijui. Wala hakuna mtu yeyote hapa anayejua."

Profesa aliinua kichwa. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mzee, si ya mkuu wa kituo. Alisema kwamba yeye alihisi jambo hilo tangu mwaka wa pili na hakulikagua, na kwamba hilo waliandike kwa jina lake. Hayo mengine, yale yaliyosemwa mlango ukiwa umefungwa, hakuyagusa. Kisha alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, ambacho kilikuwa kiti cha Mwari, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

Baraza halikuchelewa. Miaka sita ilifutwa. Bangili zitenganishwe na Chekeche, Chekeche yenyewe ifundishwe upya tangu sifuri, na darubini ianze kutazama tena anga ile ile kama vile haijawahi kutazamwa. Apatikane mpandaji mwingine. Na kwa kuwa kulikuwa na mtu mmoja tu kituoni ambaye hakuwepo ukumbini picha za karibuni zilipotazamwa, ambaye mashine haikuwa imemsikiliza akitazama picha kwa siku zote hizo, na ambaye alizijua mashine vizuri kuliko wote, Mwenyekiti alimwuliza Nyaboke kama atakubali. Nyaboke alifikiri kidogo akakubali. Aliapishwa hapo hapo. Mize aliambiwa atarudi na chombo kinachokuja, kwenye nafasi ambayo ilikuwa imewekwa kwa ajili ya Nyaboke.

Alikuwa anakunja nguo zake wakati Nyaboke alipoingia chumbani na blanketi lake mkononi. Mize aliacha kukunja, akasimama.

"Nisamehe, Nyaboke. Nilikukosea sana."

Nyaboke alitandika kitanda chake kwanza, akanyoosha kona zote nne.

"Nimesikia uliyoyasema. Ulisema vizuri." Hakuonekana kuwa na hasira, na hilo lilikuwa zito zaidi. "Lakini Dada Mize, usiniambie ulifanya kwa ajili yangu. Ulisema kweli siku ulipokosa mtu mwingine wa kumbebesha."

Jibu lilikuwepo. Lilikuwa ulimini kabisa: mtu wa kumbebesha nilikuwa naye, ni wewe, nililetewa pamoja na sababu zote nikaambiwa nirudie tu. Lakini kulisema ni kumchukua mzee aliyebaki na kidogo sana na kumvua hata hicho, ili tu yeye, Mize, aonekane mwema kwa mtu ambaye yeye hakuwahi hata kumwuliza swali moja. Alimtazama Nyaboke, akaona anatazamwa na macho yale yale ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameyatumia kutazama migongo ukumbini.

"Ndiyo," alisema, akainama kuendelea kukunja nguo.